Ng'ombe Ndani ya Barua ya Mkopo

Barua ilifika kijiweni saa nne asubuhi, ikiwa ndani ya kofia ngumu ya bodaboda. Dogo aliivua ile kofia, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya benchi taratibu, kama mtu anayemtua nyoka ambaye hana hakika kama kafa sawasawa.

"Mwalimu, shikamoo. Hebu nisomee. Mimi nimeelewa jina langu na tarakimu tu."

"Marahaba. Tarakimu ndiyo barua yenyewe," Mwalimu akajibu, huku akipapasa mfukoni kutafuta miwani.

Kijiwe chetu hakiko mbali na stesheni ya Mpanda. Kina mwembe mmoja, benchi la mninga lenye miguu mitatu na tofali moja, na wenyeji wasiozidi sita. Siku hiyo alikuwepo Mwalimu, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini akastaafu na kamusi isiyo na jalada. Fundi bomba, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Mzee mmoja wa Kisukuma aliyetoka upande wa Mpimbwe kuja kulipa ada ya mjukuu. Muuza kahawa na birika lake. Na mimi, ambaye kazi yangu pale ni kusikiliza, na kusonya inapobidi.

Na hapa ilibidi. Barua ilitoka kwa mkopeshaji mmoja, jina lake tuliache, wa kundi lile ambalo mikopo yake watu wameibatiza kausha damu. Dogo alikopa kwa Kiswahili. Alibembelezwa kwa Kiswahili, akapigwa picha kwa Kiswahili, akaonyeshwa pa kuweka dole gumba kwa Kiswahili kitamu kabisa. Leo anadaiwa kwa Kiingereza.

"Mfyuuu!" Fundi alisonya mpaka kuku akahama. "Pesa wanaitoa kwa Kiswahili, roho wanaitoa kwa Kiingereza."

Mwalimu akaanza. "Dear Customer." Akanyamaza, akacheka peke yake. Kumbe hilo "dear" lina nyuso mbili tangu zamani: ni mpendwa, na ni ghali pia. Mwingereza akikuambia nyama ya bucha fulani ni "dear", hakusudii kwamba anaipenda.

"Kwa hiyo mpaka hapa," akasema, "hatujui kama umependwa au umepandishwa bei."

Neno lililofuata lilikolezwa wino, herufi zote kubwa: "DEADLINE".

"Hilo nalijua," dogo akarukia. "Dedilaini. Ijumaa."

"Unaijua tarehe. Neno hulijui."

Mwaka 1864, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe, watu wa Kusini walikuwa na kambi ya mateka huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya boma, hatua chache kabla ya kuufikia ukuta, palikuwa na uzio mfupi wa mbao, wa kuruka mtoto. Mateka akiuvuka, au hata akiugusa, askari aliye juu ya kibanda anafyatua. Hakuna onyo, hakuna shauri. Huo ndio ulioitwa hivyo: mstari wa kufa. Vita vikaisha, mkuu wa kambi, Henry Wirz, akanyongwa mwaka 1865, lakini neno likapona. Baadaye watu wa magazeti wakaliokota, wakalitumia kwa ile saa ambayo habari isipofika mtamboni haichapwi tena. Kutoka hapo limetembea mpaka limeingia kwenye kofia ya bodaboda wa Mpanda.

"Kwa hiyo Ijumaa nikivuka wananipiga risasi?"

"Watachukua pikipiki."

"Heri risasi," dogo akasema.

Fundi bomba akajiweka vizuri kwenye benchi, tofali likaguna. Alijua kinachokuja, maana Mwalimu huwa hapitwi na neno hilo. Risasi tuliipata kwa Waarabu, na kwao ni jina la madini: ile metali nzito, ya kijivu, laini, isiyohitaji moto mkali kuyeyuka. Kwa kuwa ndiyo iliyotumika kutengenezea vidonge vya bunduki, sisi tukakiita kidonge kwa jina la metali. Warumi waliiita "plumbum", na ndiyo maana kwenye chati ya kemia shuleni imeandikwa Pb. Watoto wanakariri, hakuna anayewaambia kwa nini. Warumi hao hao waliitengenezea mabomba ya maji, na aliyeyafua na kuyaunga akaitwa kwa jina la metali yake. Neno likapitia Ufaransa likatokea Uingereza likiwa "plumber". Fundi wetu anashika plastiki tangu asubuhi hadi jioni, risasi hajaigusa hata ile ya kuzamishia wavu, lakini kwa Kiingereza bado ni mtu wa risasi.

"Basi mimi na mji huu tumbo moja," akasema, na kifua kikampanda.

Hakukosea. Risasi ndiyo iliyouleta mji huu kwenye ramani. Mgodi wa Uruwira Minerals ndio uliofanya serikali ya mkoloni ivute reli kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940, kilomita 210 za miombo na mbung'o. Haikuvutwa kwa ajili ya mtu wala gunia la mahindi. Ilivutwa ifuate madini. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na sisi tukapanda.

Na wanaoijua treni ile wakati wa masika, ya kulala porini kwa sababu maji yamekula tuta, hawatashangaa wakiambiwa kwamba "travel" ya Waingereza imetoka kwenye neno la Kifaransa la taabu, na ukilifukua zaidi unakuta chombo cha kutesea watu, miti mitatu iliyofungwa pamoja. Kusafiri na kuteswa, neno moja. Halafu wakatuazima "safari", ambayo nasi tuliiazima kwa Waarabu, wakaivalisha miwani ya jua. Kwao safari ni kushuka Sitalike kutazama wanyama. Anayekwenda msibani Kaliua na jogoo mkononi hayumo.

Lakini kilichotuchukua nusu saa nzima ni mstari wa tatu. "Processing fee."

Hiyo fii dogo alishaichukia zamani. Aliomba laki tano, akakabidhiwa laki nne na nusu. Hamsini ilikatwa kabla hajainuka kwenye kiti. Akauliza ya nini. Fii. Fii ya nini? Ya kushughulikia. Kushughulikia nini? Mkopo. Yaani alikopa pesa ya kulipia kukopa. Nikasonya mara ya pili, bure, bila kuombwa.

Mwalimu akafunua kamusi yake, ukurasa ulioshikwa na utepe wa gundi. Waingereza wa kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, walikuwa na neno "feoh". Maana yake ilikuwa ng'ombe. Mifugo. Kisha ikawa mali yoyote, kisha ikawa pesa. Wajerumani mpaka leo mifugo wanaiita "Vieh", ndugu wa ukoo mmoja. "Fee" hii ya kwenye barua, wataalamu walio wengi wanaihesabu humo humo kwenye ukoo, ila ilizungukia Ufaransa kwanza ndipo ikarudi Uingereza na koti jipya. Na Warumi hawakuwa mbali: mifugo kwao ni "pecus", pesa ni "pecunia".

Mzee wa Kisukuma, ambaye muda wote alikuwa na kahawa yake tu, akaweka kikombe chini.

"Rudia hapo, Mwalimu."

Mwalimu akarudia.

"Kwa hiyo hii ada ya shule, kwa Kizungu chao, ni ng'ombe?"

"Kwa asili, ndiyo, mzee wangu."

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kipande cha kitenge kilichofungwa fundo, akakifungua kwa meno. Ndani zilikuwa noti zilizokunjwa pamoja na karatasi ya mnadani, zote zina vumbi jekundu kwenye mikunjo. Juzi alimpeleka mnadani dume mmoja wa kijivu, mwenye baka jeupe tumboni, ambaye alimkuza kwa chupa baada ya mama yake kufa kwa ndigana. Alivyoeleza lile baka, kwa kidole hewani, na jinsi dume alivyogeuza shingo wakati anavutwa kwenda upande wa mnunuzi, hata fundi alinyamaza.

"Sasa mimi nimefanya nini?" akauliza. "Nimeuza ng'ombe nipate noti, ili nikalipe kitu kinachoitwa ng'ombe. Si wangempokea tu yule dume?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Muuza kahawa akamwongezea kikombe bila kuulizwa.

Mwalimu akaona amepata msikilizaji, akashuka na barua. Chini ya fii palikuwa na "outstanding capital", yaani kile alichokopa dogo kabla riba haijapandishwa juu yake. Kapitali. Neno kubwa hilo. Katika nchi hii limefukuzwa, likatukanwa, likaitwa unyama, kisha likakaribishwa tena kwa zulia. Shina lake ni "caput", kichwa, kwa Kilatini. Humo likatoka "capitale", mali yenyewe, ile iliyo kichwa cha mali nyingine. Wafaransa wa kaskazini wakalitamka "catel", wenzao wa upande wa Paris wakalitamka "chatel", na Mwingereza, ambaye kwa kukopa maneno hajawahi kuulizwa mdhamini, akachukua yote akayagawia kazi. "Cattle" akampa mchungaji. "Chattel" akampa wakili. "Capital" akampa mwenye fedha. Ndugu watatu wa baba mmoja: mmoja yuko zizini, mmoja yuko mahakamani, mmoja yuko ghorofani, na wakikutana njiani hawasalimiani.

"Mtaji ni ng'ombe," mzee akasema. "Hilo nalo mpaka mfungue kitabu?"

Mimi nilifikiria jambo jingine. Wafugaji waliohamia Katavi na makundi yao ni wengi, na kuna mtu ana ng'ombe mia mbili lakini akienda kukopa anaambiwa hana dhamana, alete hati ya nyumba. Ng'ombe anakufa, wanamwambia, ng'ombe anaibiwa. Ni kweli. Lakini ni kichekesho kwamba mtu anakataliwa kapitali kwa kosa la kuleta "cattle".

"Bora ningeenda benki," dogo akajisemea.

Mwalimu akagonga mbao tuliyoikalia. "Umeshafika." Benki na benchi ni kitu kimoja: Waitaliano wabadilisha fedha walikuwa na benchi lao sokoni, "banca", na biashara ikifa wanasema benchi limevunjika, "banca rotta", Mwingereza akalinyoosha kidogo akapata "bankrupt". Sote tukalitazama tofali letu.

Hapo ndipo dogo alipotoa kilichomuuma hasa, maana deni peke yake halimtoi mtu machozi. Alirudi kule ofisini kuomba wamwandikie barua ile kwa Kiswahili. Kijana wa dirishani, rika lake, akacheka, akawageukia wenzake, akamwambia aache ushamba.

Mwalimu akavua miwani. Kuna maneno yanayomkasirisha zaidi ya makosa ya herufi, na hili ni mojawapo. Akamwambia dogo: Waingereza wana neno "villain". Kwenye sinema ndiye yule mbaya, mwenye kovu, anayekufa dakika za mwisho. Mwanzo wake alikuwa "villanus", mtu wa kazi kwenye shamba la bwana. Hakuiba, hakuua, alilima. Mabwana wakalitumia jina lake kama tusi, tusi likaota mizizi, na leo mkulima yuko jela ya kamusi kwa kosa ambalo halijatajwa. Waholanzi nao mkulima wanamwita "boer". Kiingereza kikatwaa ukoo huo kikapata "boor", mtu asiye na adabu. Sisi tukatwaa tukapata kaburu. Mkulima hana bahati kokote.

"Na sisi je?" nikauliza. "Mshamba si ni mtu wa shamba tu?"

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Na hapo hatukufundishwa na Mzungu. Hilo tumelitunga wenyewe."

Fundi akamtaja Pinda. Mizengo Pinda, wa Kibaoni, hapa hapa Katavi kwetu, alikaa kwenye kiti cha waziri mkuu kuanzia 2008 hadi 2015 akijiita mtoto wa mkulima, akalivaa jina hilo kama koti la kazi. Wazungu wa zamani wangelivaa lao hivyo, fundi akasema, lisingeharibika. Nikaona fundi leo kaamka vizuri.

"Oke, tuendelee," Mwalimu akasema.

Fundi akaruka. "Ehe! Oke! Mwalimu, unakumbuka darasa la sita ulinichapa viboko vitatu kwa kuandika 'neighbour' vibaya? Sasa waambie hawa hiyo oke imetoka wapi."

Mwalimu alijaribu kutazama pembeni, lakini siri hiyo aliitoa mwenyewe siku za nyuma. Mwaka 1839 huko Boston, waandishi wa magazeti walikuwa na mzaha wa kuandika maneno vibaya makusudi kisha kuyafupisha. "All correct", yote sahihi, wakaandika "oll korrect", wakafupisha OK. Mizaha mingine ya aina hiyo ilikufa. Hii ikapata bahati mwaka uliofuata, kwani Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena na jina lake la utani lilikuwa Old Kinderhook, herufi zilezile. Alishindwa uchaguzi, neno likashinda. Neno la Kiingereza linalojulikana kuliko yote duniani ni kosa la tahajia, na mwalimu wa Kiingereza analisema mara ishirini kwa siku bila kuchapwa.

"Viboko vitatu," fundi akarudia, akionyesha vidole.

Kiboko chenyewe basi. Hifadhi yetu ya Katavi, iliyoanzishwa 1974, ukienda mwishoni mwa kiangazi utawakuta viboko wamebanana kwenye tope la mto Katuma kama abiria wa daladala ya mwisho, mmoja kakalia mwenzake, wote wamenuna. Wagiriki walimwita farasi wa mtoni, Mwingereza akalichukua hivyo hivyo na urefu wake wote, "hippopotamus". Farasi gani huyo? Aliyempa jina bila shaka alimwona akiwa mbali, na jua likiwa machoni. Wazee wetu walimkaribia zaidi: walimchuna, wakakata ngozi ukanda, ukanda ukakauka ukawa fimbo, na mnyama na fimbo vikabaki na jina moja. Mkwaju nao una mambo hayohayo, ni mti na ni fimbo. Na kwenye mkwaju ulio karibu na ziwa Katavi ndipo anaposemwa kukaa Katabi, mzimu ambao hifadhi na mkoa vimechukua jina lake. Watu wa huku hupita pale kwa adabu na huacha chochote. Waingereza mti huo wanauita "tamarind", kutoka kwa Waarabu, "tamr hindi", tende ya Kihindi. Mti umezaliwa Afrika, una mzimu wa Kibende ndani yake, halafu kwenye kamusi una pasipoti ya India.

"Nimechapwa na vyote viwili," fundi akasema.

Barua ilikuwa inaishia na "Yours sincerely". Hapa Mwalimu akatabasamu, maana hii ni hadithi yake ya siku zote, na waliopita mikononi mwake wanaijua. Wachonga sanamu wa Kirumi, walaghai, walikuwa wakiziba nyufa za mawe kwa nta. Aliye mwaminifu akaandika kwamba kazi yake ni "sine cera", bila nta. Ndiyo "sincere" hiyo. Kwa hiyo hawa wanamwapia dogo kwamba barua yao haina nta.

"Iko kwenye kamusi?" dogo akauliza. Hakuwa na ubaya. Alitaka tu kujua.

Mwalimu akapekua. Akasoma kimya, midomo inacheza. Akarudia mstari kwa kidole. "Sincerus": safi, kisichochanganywa na kingine. Nta hakuna. Wachonga sanamu hakuna. Kamusi ilisema hadithi hiyo ni ya kubuni.

Alifunga kamusi akaiweka gotini, akaitazama reli. "Miaka thelathini," akasema. "Miaka thelathini nimewafundisha nta."

Tulicheka mpaka mzee akajifuta macho kwa kile kitenge chenye noti. Na mimi nikawa najiuliza ni mangapi mengine ya kijiweni hapa hayamo kwenye kamusi, lakini si siku ya kuyauliza.

"Boda!" mama mmoja mwenye ndoo na mtoto mgongoni aliita kutoka ng'ambo. "Makanyagio bei gani?"

"Elfu moja, mama, twende!" Dogo aliikunja barua mara nne, akairudisha ndani ya kofia, akaivaa ikiwa humo humo utosini, fii, kapitali na mstari wa kufa, akapiga kiki ya kwanza, ya pili, ya tatu ndipo ikawaka.

Mzee akainuka kwenda shuleni kabla mhasibu hajatoka. Muuza kahawa akahesabu vikombe.

"Saba. Mia mbili mia mbili. Na nisisikie habari ya ng'ombe."